Nguva Ndani ya Jalada: Kisa cha Vitabu vya Willibald Pirckheimer

Fungua jalada la mbele. Upande wa ndani, pale tulipozoea kuona muhuri wa shule au jina la mtu kwa kalamu ya wino, pamebandikwa karatasi iliyopigwa chapa, kubwa kama kiganja kilichokunjuliwa. Juu kuna sentensi moja iliyorudiwa kwa lugha tatu: Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Katikati kuna kofia ya chuma ya vitani, na chini yake ngao mbili zimekaa ubavu kwa ubavu. Ngao moja ina mti. Nyingine ina mwanamke ambaye kuanzia kiunoni kushuka ni samaki mwenye mikia miwili, naye ameishika mikia hiyo kwa mikono yake, mmoja kulia, mmoja kushoto. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa huyo ni nani. Ni nguva.

Mwenye kitabu alikuwa Willibald Pirckheimer, diwani na msomi wa mji wa Nuremberg, Ujerumani. Mchoraji alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, Albrecht Dürer. Kibandiko kilichorwa miaka ya mwanzo kabisa ya karne ya 16, na hadi leo ni miongoni mwa vibandiko vya vitabu vinavyojulikana zaidi duniani. Wanaovikusanya huviita ex libris, kwa kuwa vingi huanza na maneno hayo ya Kilatini, yaani "katika vitabu vya fulani".

Nimekichagua hiki kwa sababu ukoo wake tunaujua. Tunajua nani alikiagiza, nani alikichora, vitabu vilirithiwa na nani, viliuzwa lini na kwa nani. Vibandiko vingi vya kale vimebaki picha tu, mayatima wasio na kwao. Kwa hiki tunaweza kuuliza swali ambalo kwa vingine tungebaki kubahatisha: picha ya mafumbo iliyobandikwa kitabuni iliahidi nini, na ahadi hiyo ilimfunga nani?

Mti, nguva na pembe

Mti ni rahisi. Ni mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na Wajerumani huuita Birke. Zamani, katika maandishi ya kusini mwa Ujerumani, B na P zilikuwa zikipokezana, kwa hiyo Birke na Pirck ni neno lile lile. Ukoo wa Pirckheimer ulichukua jina lake ukaligeuza picha ukaliweka kwenye ngao. Hata asiyejua herufi moja angeweza kulisoma.

Nguva ni wa ukoo mwingine. Ngao yake ni ya akina Rieter, familia ya wakubwa wa Nuremberg, na mwaka 1495 Pirckheimer alimwoa binti yao, Crescentia. Ngao mbili zikiwekwa pamoja hivi zinatangaza ndoa: mume upande huu, mke upande ule. Kwa hiyo bila kuona tarehe yoyote tunajua kwamba kibandiko hakiwezi kuwa cha kabla ya 1495. Na kwa kuwa Crescentia alifariki Mei 1504 akijifungua, pamoja na mtoto, ni vigumu kuamini kwamba kilichorwa baada ya hapo. Mkono wa Dürer katika mistari nao unaelekeza kwenye miaka hiyo hiyo, 1501 hadi 1503 hivi. Ndivyo kazi hii inavyofanyika. Mchunguzi mzuri wa vibandiko husoma ngao kama wengine wanavyosoma kalenda: nani kaoa wapi, nani kapewa cheo, nani kafiwa.

Hapa ndipo kisa hiki kinaponishika moyo. Pirckheimer aliachwa mgane na mabinti watano, na hakuoa tena. Aliishi hadi Desemba 1530, miaka 26 baada ya mkewe, na vitabu vyake viliendelea kubandikwa karatasi ile ile, nguva yumo. Sitaki kumpamba kuliko alivyokuwa. Mwaka 1506 Dürer alikuwa Venice, na barua kumi alizomwandikia kutoka huko zimebaki. Ndani yake anamtania rafiki yake kuhusu wanawake bila kificho. Huyu hakuwa mgane wa kujifungia ndani. Mtu anaweza pia kusema kwamba ubao ulikwisha kuchongwa, na kitu kilicholipiwa hutumika. Sawa. Lakini Pirckheimer alikuwa tajiri, na mchoraji bora kuliko wote Ujerumani alikuwa mtu wa nyumbani mwake. Kama angetaka ngao ya mke iondolewe, asingehitaji zaidi ya kutamka. Hakutamka.

Kuzunguka ngao kuna vitoto vyenye mabawa, mapambo ya majani, na pembe za neema. Hizi pembe zina hadithi ndefu. Wagiriki walisimulia kwamba Zeu alipokuwa mchanga alinyonyeshwa na mbuzi aitwaye Amalthea, na pembe ya mbuzi huyo ikawa inamwaga chochote anachotamani aliyeishika. Katika picha za Ulaya pembe hiyo imekuwa alama ya wingi na baraka. Dürer alikuwa amerudi kutoka Italia mwaka 1495, naye Pirckheimer alisoma huko kwa miaka, Padua na Pavia. Kwa hiyo walichofanya wawili hawa ni kuichukua nembo ya kifamilia ya Kijerumani, kitu cha mababu, na kuivalisha nguo za Kiitaliano ambazo mjini kwao zilikuwa bado ngeni. Nami naisoma pembe hivi: ikiwa imewekwa mlangoni mwa kitabu, mavuno inayoyatangaza ni yale yaliyo kurasani. Shamba liko mbele, geuza karatasi uingie.

Kisha ile sentensi ya juu. Ni ya Zaburi ya 111: kumcha Bwana ndio mwanzo wa hekima. Msomaji wa Biblia ataikumbuka vizuri, na atakumbuka pia kwamba katika Injili ya Yohana anwani iliyowekwa juu ya msalaba nayo iliandikwa kwa lugha hizi hizi tatu. Kwa wasomi wa zama za Pirckheimer, aliyezijua zote tatu alihesabiwa kuwa amefika. Yeye Kigiriki alikimudu kweli, Kiebrania alikijongelea.

Kuna jambo juu ya hiyo Kiebrania ambalo sijaliona likitajwa mara nyingi pale kibandiko kinaposifiwa. Mwaka 1499 mji wa Nuremberg uliwafukuza Wayahudi wake wote. Miaka miwili mitatu baadaye, fundi wa mji huo huo anachonga herufi za Kiebrania kwenye ubao, kwa ajili ya vitabu vya mtu ambaye alikuwa kwenye baraza la mji. Lugha ilibakizwa, wenye lugha wakatolewa nje ya malango. Pirckheimer baadaye, mwaka 1517, alisimama hadharani kumtetea Johannes Reuchlin, msomi aliyepinga vitabu vya Wayahudi kuharibiwa, na hilo tumhesabie. Lakini mimi kila nikiitazama ile mistari ya juu nawakumbuka watu ambao wangeisoma kwa urahisi kuliko yeye, na ambao hawakuwa na ruhusa ya kulala mjini.

Kwa ajili yake na marafiki zake

Maneno ninayoyaona kuwa kiini cha kibandiko ni matatu: SIBI ET AMICIS. Kwa ajili yake na marafiki zake. Chini kabisa ndipo panaposemwa kitabu ni cha nani: LIBER BILIBALDI PIRCKHEIMER.

Watu wa kizazi kile waliyapenda maneno ya namna hii. Jean Grolier, Mfaransa aliyekusanya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi na nakshi za dhahabu, aliandikisha kwenye majalada kwamba ni vyake na vya marafiki zake. Kwa hiyo mtu anaweza kuyachukulia kuwa mtindo tu, kama vile leo tunavyoandika "karibu" kwenye zulia la mlangoni huku mlango umefungwa kwa komeo. Kwa Pirckheimer nakataa kuyachukulia hivyo, kwa sababu rafiki mmoja anatosha kuyathibitisha.

Dürer alikuwa mtoto wa sonara. Shule yake ilikuwa fupi, Kilatini chake haba, Kigiriki hana. Lakini kazi zake zimejaa miungu ya Kigiriki, hesabu za Euclid wa Ugiriki ya kale, vipimo vya miili kutoka kwa Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi. Alivipata wapi? Kwa sehemu kubwa, kwenye rafu za rafiki yake, rafiki akiwa kando yake anamfasiria. Pirckheimer alikuwa mnunuzi wa kutisha; hakuridhika mpaka vitabu vya Kigiriki vilivyokuwa vikichapwa Italia vifike kwake, hasa vile vya mchapaji Aldus Manutius wa Venice. Na Dürer hakuja kama mgeni wa kuazima na kuondoka. Alikaa, akauliza, akachora. Kitabu chake kikubwa kuhusu vipimo vya mwili wa binadamu, kilichotoka mwaka 1528 yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufa, kimetabarukiwa kwa Pirckheimer.

Mfano mmoja unaonyesha jinsi maktaba hii ilivyokuwa karakana ya mafumbo yenyewe. Kulikuwa na kitabu cha Kigiriki cha kale, cha Horapollo, kilichodai kueleza maana ya maandishi ya picha ya Wamisri. Maelezo yake mengi yalikuwa ya kubuni, lakini Ulaya nzima iliyaamini. Pirckheimer alikifasiri kwa Kilatini kwa ajili ya Maximilian, Kaisari wa Dola Takatifu la Kirumi, na Dürer akakichorea picha. Kisha mafumbo hayo yakaingia kwenye lile Lango la Heshima la Maximilian, picha kubwa mno iliyochapwa kwa mbao zaidi ya 190 na yenye tarehe ya 1515: kileleni Kaisari ameketi katikati ya wanyama, na kila mnyama ni sifa yake mojawapo. Watu waliokuwa wakifanya kazi hiyo mezani hawakuchora nguva na pembe kwenye kibandiko kwa sababu nafasi ilikuwa tupu.

Sasa nilinganishe na desturi ya kwetu. Katika misikiti na vyuo vya pwani, vitabu vingi vya zamani vina maandishi mwanzoni: kitabu hiki ni wakfu. Neno hilo ni fupi kuliko SIBI ET AMICIS, wala halina nguva wala pembe, lakini lina sheria nyuma yake. Kilichofanywa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Mrithi akikiuza ametenda kosa, na kila mtu mtaani anajua hivyo.

Maneno ya Pirckheimer hayakuwa na nguvu ya namna hiyo. Yalieleza tabia ya mtu mmoja. Alipokufa, tabia ilikwenda naye, na vitabu vikabaki kuwa mali kama meza na vikombe. Hii ndiyo sababu ya kwanza, na kwangu kubwa, ya yote yaliyofuata. Marafiki walitajwa, lakini hawakupewa haki yoyote.

Uso nyuma ya kitabu

Kabla ya kufuata safari, tufunge kitabu na kukifungua kwa nyuma. Katika baadhi ya vitabu vyake Pirckheimer alibandika huko karatasi ya pili, na hii ni ya aina tofauti kabisa.

Kibandiko cha mbele ni mchongo wa mbao. Fundi anapewa ubao laini wenye mchoro juu yake, naye anaondoa kila sehemu isiyotakiwa kuwa nyeusi. Mistari inabaki imeinuka, inapakwa wino, inagandamizwa kwenye karatasi kama muhuri. Ndiyo maana mistari yake ni minene, na ukipapasa karatasi kwa nyuma unaweza kuhisi imesukumwa. Kwa kawaida Dürer alichora tu, kuchonga kukawa kazi ya mafundi.

Picha ya nyuma ni nakshi ya bamba la shaba, na hapa Dürer alifanya mwenyewe, kwa mkono uliojifunza kwa baba yake sonara. Kipatasi chenye ncha kinasukumwa kwenye shaba kikiacha mfereji mwembamba. Bamba linapakwa wino lote, kisha linafutwa hadi linang'aa, wino unabaki ndani ya mifereji peke yake. Karatasi iliyoloweshwa inawekwa juu, vyote vinapitishwa kwenye mashine yenye mgandamizo mkali, na karatasi inauvuta wino kutoka mferejini. Mistari inaweza kuwa myembamba kama unywele. Na kingo za bamba huacha mbonyeo kwenye karatasi, mstatili unaouhisi kwa kidole. Anayetaka kujifunza kutofautisha vibandiko vya kale aanze na kidole hicho, kabla ya kitabu chochote.

Picha ina sentimita 18 hivi kwa 11, na inamwonyesha Pirckheimer mwenyewe mwaka 1524, mwenye miaka 53. Mwili mzito, shingo nene, pua iliyobonyea, kola ya manyoya. Dürer hakumhurumia rafiki yake hata kidogo, na nadhani rafiki asingetaka kuhurumiwa. Chini ya uso kuna bamba la maandishi lililochorwa kama jiwe, mfano wa kaburi la Kirumi, lenye maneno haya: VIVITUR INGENIO, CAETERA MORTIS ERUNT. Mtu huishi kwa akili yake. Mengine yote yatakuwa ya mauti.

Hakuna nguva hapa, hakuna pembe, wala malaika watoto. Fumbo limekuwa moja tu, kaburi. Sasa chukua kitabu kimoja chenye karatasi zote mbili na uzisome pamoja. Mbele, harusi: ngao ya kijana na ngao ya bibi harusi, mavuno, rafiki wakaribishwe. Nyuma, mwanamume mmoja peke yake juu ya jiwe la kaburi. Kati yake kuna Lukiano, au Plutarko, waandishi wa Kigiriki wa kale, au chochote alichokuwa akisoma. Sijui kibandiko kingine cha zama zile kinachoyabeba maisha ya mtu namna hii, na kimefanya hivyo kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na rafiki mwenye mkono ule, mara mbili, kwa umbali wa zaidi ya miaka 20.

Safari

Dürer alifariki 1528, Pirckheimer 1530. Mabinti wengine walikuwa watawa. Vitabu hatimaye vilikwenda kwa akina Imhoff, ukoo wa wafanyabiashara alimoolewa binti yake Felicitas. Mjukuu, Willibald Imhoff, alikuwa mkusanyaji hodari wa kazi za Dürer, na kwa muda vitabu vilikaa salama.

Kisha ikaja Vita ya Miaka Thelathini, iliyoivuruga Ujerumani kuanzia 1618 hadi 1648. Nuremberg ilichoka kwa njaa, maradhi na kodi za vita. Mwaka 1636 alipita Thomas Howard, mkuu wa Kiingereza mwenye cheo cha Earl wa Arundel, aliyetumwa na mfalme wa Uingereza kwenda kwa Kaisari, mtu aliyekusanya sanamu na picha kama wengine wanavyokusanya mashamba. Akina Imhoff walimuuzia maktaba kwa thaler 350, sarafu za fedha za Kijerumani. Ni rahisi kuwalaumu, nami nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza niliwalaumu. Leo sina hakika. Mji uliozingirwa na vita haufugi vitabu vya Kigiriki. Huenda vingebaki vingechomwa.

Vitabu vikafika London. Arundel akafia uhamishoni Padua mwaka 1646, na mali ikamwangukia mjukuu wake Henry Howard ambaye hakuwa mtu wa vitabu. John Evelyn, mwandishi wa Kiingereza aliyeipenda maktaba ile kuliko mwenyewe, alimshawishi aitoe, akiona kwamba ikiendelea kukaa pale itaibwa kitabu kimoja kimoja. Ilikuwa baada ya moto mkubwa wa London wa 1666, na jumuiya ya wanasayansi iitwayo Royal Society ilikuwa imehamia nyumbani kwa Howard, Arundel House, kwa kukosa pa kukutania. Januari 1667 Howard akawapa maktaba. Aliweka masharti mawili: jumuiya ikivunjika, vitabu virudi Arundel House, na kila kitabu kiandikwe kwamba ni zawadi ya Henry Howard wa Norfolk.

Tazama vizuri masharti hayo. Howard alijihakikishia jina. Hakuzuia kuuza. Muhuri wa zawadi ukapigwa vitabuni, kwa Kilatini kizuri, ukasimama karibu na nguva wa Pirckheimer, na ukawa dhaifu kama yeye. Mwaka 1831 hati za mkono zilihamishiwa British Museum, na leo ziko British Library zikiwa bado na jina la Arundel kwenye namba zake. Vitabu vilivyochapwa havikupata bahati hiyo. Mwaka 1873 vingi viliuzwa kwa muuza vitabu Bernard Quaritch, na mwaka 1925 vingine vikaenda mnadani Sotheby's. Jumuiya ya sayansi ilitaka nafasi na fedha kwa ajili ya vitabu vya sayansi. Hesabu naielewa. Maktaba iliyovuka vita, bahari na moto ilivunjwa na kamati, mchana kweupe, na vingi vya vitabu vya Pirckheimer vilikuwa na karatasi ndani inayosema vilikuwa vya nani na kwa ajili ya nani.

Waliobandua

Lakini anayenisikitisha zaidi katika kisa hiki si muuzaji.

Mwaka 1880 J. Leicester Warren alitoa Uingereza kitabu cha mwongozo kilichovipanga vibandiko kwa mitindo na zama, vile vya mafumbo vikipewa fungu lake. Mwaka 1891 kikaundwa London chama cha wapenda ex libris, na mwaka huo huo kingine Berlin. Elimu yote tuliyo nayo juu ya vibandiko imeanzia kwa watu hawa, na nawashukuru. Ila uvumbuzi wao ulikuja na mkasi na beseni la maji ya uvuguvugu. Kibandiko kilipopata bei, watu walianza kuloweka majalada, kubandua karatasi, kuikausha kati ya karatasi za kunyonya maji na kuiweka kwenye albamu pamoja na nyingine mia. Kitabu kilichobaki na doa la gundi kilirudishwa rafuni, au kilitupwa.

Aliyeuza kitabu cha Pirckheimer ameyatenganisha mafungu ya maktaba, lakini ushahidi ameuacha ndani. Kitabu kinaweza kwenda Chicago au Tokyo, na mtu atakayekifungua atajua. Aliyebandua amevunja jambo ambalo haliwezi kuungwa tena. Sasa kuna karatasi isiyojua ilikaa wapi, na kuna kitabu kisichojua kilikuwa cha nani. Na kwa Pirckheimer ugumu ni zaidi, kwa sababu kibandiko chake kilipendwa kama kazi ya Dürer, na nakala zake zimezagaa kwenye makumbusho zikiwa karatasi huru. Ipi ilitoka kitabuni, ipi haikuwahi kubandikwa popote? Halafu si kila kitabu chake kilibandikwa. Anayejaribu leo kuijenga upya maktaba ile kwenye orodha hawezi kutegemea picha peke yake. Inambidi afuate maandishi ya pembeni, majalada, orodha za mnada, muhuri wa Howard.

Kuna mbinu moja ninayoipenda kuliko zote. Mdudu wa vitabu hajali sanaa. Akianza kula kwenye ubao wa jalada, hutoboa moja kwa moja: ubao, kibandiko, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukikuta tundu dogo limepita kwenye karatasi iliyobandikwa na likaendelea mahali pale pale kwenye kurasa zinazofuata, unajua karatasi hiyo ilikuwapo mdudu alipopita. Imekaa hapo zamani, haikuletwa juzi na mfanyabiashara ili kupandisha bei. Ukikuta kurasa zina tundu na kibandiko hakina, anza kuuliza maswali. Ushahidi huo unapotea siku karatasi inapoingia kwenye maji.

Kwa hiyo anayebahatika kuwa na kitabu cha kale chenye kibandiko, cha Ulaya au cha kwetu, cha mtu maarufu au cha mwalimu mkuu wa zamani asiyejulikana nje ya wilaya yake, ombi langu ni hili tu: usikibandue. Kipige picha kikiwa mahali pake. Andika na yaliyo jirani yake, jina la kalamu, muhuri, bei ya penseli.

Kuna kitabu kimoja ambacho Pirckheimer alikitendea zaidi ya kukibandika. Ni mashairi ya Theokrito, Mgiriki wa kale, yaliyochapwa na Aldus huko Venice, na Dürer alimchorea juu ya ukurasa wa kwanza kwa rangi na dhahabu mnamo 1496 au 1497, miaka michache kabla ya kibandiko. Kazi hiyo leo iko Washington, kwenye jumba la taifa la sanaa. Wachungaji wamekaa chini wakipiga muziki, mifugo imewazunguka. Kandokando imesimama miti, na kwenye miti, kwa kamba, zimetundikwa ngao mbili, mti wa Birke kwenye moja na nguva kwenye nyingine, Crescentia akiwa bado hai.